Urefu wa Mchana na Uchanuaji wa Nafaka katika Wilaya ya Same

Mada hii inajadili namna urefu wa mchana, yaani muda kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, unavyoathiri ukuaji na uchanuaji wa nafaka katika Wilaya ya Same na Milima ya Upare. Same iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, hivyo mchana mrefu kuliko yote, mnamo tarehe 21 Desemba, unauzidi ule mfupi wa Juni kwa muda usiofika nusu saa. Ni rahisi kudhani kwamba tofauti hiyo haina uzito shambani, lakini dhana hiyo ni sahihi kwa baadhi ya mbegu tu.

Mwaka 1920, Garner na Allard wa Marekani walieleza, kutokana na majaribio ya tumbaku na soya, kwamba mimea mingi hungoja urefu fulani wa mchana ndipo itoe maua. Baadaye ilibainika kuwa kinachopimwa hasa ni urefu wa giza la usiku lisilokatizwa, na kwamba kipimo chenyewe ni faitokromu, protini iliyomo majanini inayobadilika umbo kufuatana na mwanga. Usiku ukifikia urefu unaofaa, jani hupeleka ishara kwenye ncha ya shina, nayo ncha huacha kuzalisha majani na kuanza kuunda suke. Mtama, uwele, mpunga na mahindi, kwa asili yake, ni mimea ya mchana mfupi, ilhali ngano na shayiri huharakishwa na mchana mrefu.

Uwezo wa mmea kutambua tofauti ndogo ulithibitishwa huko Malacca, nchini Malaysia, ambako mchana hutofautiana kwa dakika 14 tu kwa mwaka: mpunga wa aina ya Siam 29 uliopandwa Januari ulichanua baada ya siku 329, na uliopandwa Septemba baada ya siku 161. Kwa Same, ambako tofauti ni takriban maradufu ya hiyo, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mbegu ya vuli inayopandwa Novemba hukuta mchana ukirefuka hadi Desemba, wakati ile ya masika inayopandwa Machi hukuta mchana ukifupika hadi Juni. Mbegu yenye hisia kali ikipandwa vuli huweza kuendelea kuongeza majani na kimo huku mvua, ambazo katika tambarare ni chache, zikikatika kabla ya suke kutoka.

Mbegu nyingi za kisasa zimepunguziwa hisia hiyo. Ngano ya Mexico aliyoizalisha Norman Borlaug, kwa kuipanda kwa zamu katika maeneo mawili yenye latitudo na miinuko tofauti, ilipata uwezo wa kukua katika nchi nyingi kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, si kila ucheleweshaji hutokana na mwanga. Kutoka tambarare hadi miinuko ya Shengena katika Milima ya Upare, inayozidi mita 2,400, joto hupungua kwa takriban digrii 6 kwa kila mita 1,000, na mahindi ya mbegu ileile hukawia zaidi kutoa mbelewele milimani kwa sababu ya baridi, ingawa mchana ni uleule. Kwa hiyo maofisa ugani wanaombwa, kabla ya kupendekeza mbegu ngeni ya mtama au mpunga, waijaribu vuli na masika katika mwinuko mmoja, na waandike tarehe ya kupanda na ya kuchanua.