Kababu za Samaki Jikoni Mwetu
(Maneno kwa vikundi vya kujisaidia, Kiplombe)

Kule Dabaso, kwenye hori ya Mida karibu na Watamu, kikundi cha wanakijiji kilianza kufuga kaa wa mikoko, na sambusa zao za kaa zikapata sifa. Sisi huku kaa tutamtoa wapi? Akishakufa huharibika upesi sana. Basi tutumie mbuta au ngege wa ziwani.

Ukifika sokoni Eldoret, fungua mashavu ya samaki. Yawe mekundu. Bonyeza nyama: shimo likibaki, mwachie mwenyewe, hata akipunguza bei! Samaki mmoja mbovu, na wateja wa kikundi wamekwisha.

Nusu kilo ya samaki, viazi vinne. Huku juu, zaidi ya mita 2,000, maji huchemka kabla ya kufika digrii 100, kwa hiyo viazi huchelewa kuiva. Msiwe na haraka. Chemsha samaki kando, umchambue kwa vidole, siyo kijiko, maana mwiba hujulikana kwa kidole, na walaji wengi ni watoto. Ponda, changanya na kitunguu, dania na chumvi, finyanga, chovya katika yai, kaanga. Mafuta yawe moto kweli. Yasipokuwa moto kababu huyanywa, na faida yenu hupotelea hapo.

Kabla ya kuweka bei andikeni gharama zote: mafuta, makaa, hata nauli.

Mama mmoja hapa mbele anauliza, je, omena? Wanafaa, lakini waoshwe mara tatu, mchanga utoke.