Siku ya Chanjo Ilipwe

Msikilizaji, alfajiri kabla jua halijachomoza, simama kando ya Barabara ya Moi South Lake pale Karagita, Naivasha. Mabasi ya mashamba ya maua yanajaa watu bega kwa bega. Wakishuka, wanasimama meza moja kupanga na kufunga waridi. Mmoja akikohoa, meza nzima inageuka kumtazama.

Je, mwajiri ana haki ya kuwaambia hawa: chanjwa, au ubaki nyumbani?

Turudi 2021. Agosti, Mkuu wa Utumishi wa Umma, Joseph Kinyua, aliwapa watumishi wa serikali hadi tarehe 23 wawe wamechanjwa dhidi ya korona, la sivyo waadhibiwe. Novemba, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kuwa kuanzia Desemba 21, asiyechanjwa hatahudumiwa katika ofisi za serikali. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo kabla siku yenyewe haijafika.

Hata hivyo, mwajiri hana budi kulinda afya ya wafanyakazi wake. Ndivyo isemavyo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Mpishi wa hoteli hapa Nakuru hutakiwa kupimwa na kuwa na cheti cha afya, na hatujasikia mtu akiita hiyo dhuluma. Basi muuguzi wa wodi ya watoto akidaiwa chanjo, kosa liko wapi?

Lakini kibarua wa maua hulipwa kwa siku. Akienda kupanga foleni zahanati, pesa ya leo imepotea. Akiamka na homa na mkono mzito, na ya kesho imeifuata. Huyo usiseme amekataa chanjo. Amepiga hesabu ya unga.

Msimamo wangu ni huu: mwajiri adai chanjo pale tu ambapo kazi yenyewe inahatarisha wengine. Na akidai, alete muuguzi hadi langoni, alipe siku hiyo, na homa ya kesho aihesabu kuwa likizo ya ugonjwa. Mwenye maradhi yanayomzuia, au mwenye hofu, apewe sikio na akibidi ahamishiwe kazi nyingine. Kumfuta kazi kuwe mwisho kabisa, tena baada ya kumsikiliza, kama Sheria ya Ajira inavyotaka.

Waajiri wa Naivasha, Gilgil na Nakuru, kabla hamjaandika barua ya onyo, andikeni kwanza hundi ya siku ya chanjo.