Remorki yetu na mzigo wake



Mnaijua remorki yetu. Tuliinunua pamoja, kila mmoja na alichoweza, ili mtu anayerudi Kolwezi asiache kitanda chake nyuma kwa kukosa usafiri. Leo nitasema namna mimi mwenyewe nilikaribia kuiangusha.

Tulikuwa tunaleta vyombo vya mama mmoja kutoka Likasi. Nilitanguliza vyepesi mbele: godoro, viti, ndoo. Magunia ya mahindi yakafika mwisho, nikayaweka nyuma kabisa. Kijana mmoja akaketi juu yake. Karibu na Fungurume, kwenye mteremko, lori ya shaba ikatupita. Upepo wake tu, remorki ikaanza kucheza: kushoto, kuume, kushoto. Kijana akalia, "Tata, iko inatuangusha!" Nikakanyaga freni kwa nguvu. Hilo ndilo kosa la pili. Tulisimama kwenye majani. Hatukufa, ni Mungu tu.

Kwa nini ilicheza? Remorki ni kama ubao uliokaa juu ya jiwe. Jiwe ni magurudumu. Uzito ukizidi nyuma, pua inainuka na kuvuta matako ya gari juu, na kitu kidogo kinatosha kuitikisa. Uzito ukizidi sana mbele, nyuma ya gari inashuka, magurudumu yake ya mbele yanakuwa mepesi, usukani hausikii tena.

Basi tufanye hivi. Vizito viwe chini, juu ya magurudumu na kidogo mbele yake; karibu sehemu 6 kati ya 10 za mzigo zikae mbele. Kushoto na kuume iwe sawa. Vyepesi ndivyo viende nyuma na juu. Tufunge kamba, maana gunia linalotembea linaharibu hesabu yote.

Kisha tupime pua. Ichukue kilo 10 mpaka 15 kwa kila kilo 100. Tuseme remorki tupu ni kilo 200 na mzigo 400: jumla 600, basi pua ni 60 mpaka 90. Lakini kitabu cha gari ndicho mkubwa. Kikiandika 75, mwisho ni hapo. Tuchukue mizani ya kupimia watu, juu yake kipande cha mti kifike kimo cha ndoano ya gari. Mahali pawe tambarare, magurudumu yazuiwe na matofali, pua iketi juu ya mti, tusome.

Ikicheza njiani, toa mguu kwenye mafuta polepole, shika usukani sawa, usikanyage freni kwa nguvu. Ikitulia, simama, panga mzigo upya. Na mtu asipande remorki. Hapana kabisa.

Najua hii iko na bei. Tukipunguza mzigo, safari moja itakuwa mbili, na mama anayerudi hana franga za esansi ya pili. Ndiyo sababu naomba sanduku letu lilipe hiyo safari ya pili. Wafadhili, hatuombi remorki nyingine: tunaomba mizani moja na kamba nzuri.

Yule kijana ni mtoto wa dada yangu. Siku ile nilimrudisha kwa mama yake mzima. Sitaki siku moja niende pale peke yangu.