Daftari la Dawa za Shamba



Mwaka 2007 watafiti wa Bordeaux, akiwemo Isabelle Baldi, walichapisha matokeo ambayo afisa ugani hapaswi kuyapita juu juu. Huko Gironde, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mizabibu hupigwa dawa tena na tena kila msimu, maana ukungu hauipi nafasi. Wagonjwa 221 wenye uvimbe wa ubongo walilinganishwa na watu 442 wasio nao. Kila mmoja alieleza kazi zote alizowahi kufanya, kisha wataalamu wakakadiria alikutana na viuatilifu kwa kiasi gani.

Kwa ujumla tofauti ilikuwa ndogo, haitoshi kutoa hukumu. Ila robo ya waliokutana navyo zaidi ilikuwa na habari nyingine: uwezekano wao wa kupata uvimbe wa ubongo ulikuwa takriban mara 2, na wa kupata glioma, uvimbe unaoanzia kwenye seli zinazozihudumia neva, zaidi ya mara 3.

Mwenye haraka ya kuzitangaza dawa kuwa ndizo chanzo asubiri kidogo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008, uliofanyika katika hospitali za Boston, Phoenix na Pittsburgh, haukuuona uhusiano huo kwa glioma. Kwa wanawake waliotumia viuagugu, uliona ongezeko la meningioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo.

Ni vigumu kupata jibu moja. Uvimbe huu ni adimu, na nani anakumbuka alichanganya dawa gani miaka 20 iliyopita? Wengi hukumbuka rangi ya kopo tu.

Hapo ndipo afisa ugani ana kazi: kuhakikisha shamba lina daftari lenye jina la kemikali, kipimo, tarehe na jina la aliyebeba bomba. Na la asiyelibeba pia! Vipimo katika mashamba ya mizabibu ya Bordeaux vilionyesha kwamba hata wanaoingia baadaye kufunga matawi na kuvuna huchafuka, hasa mikononi. Hao ndio wanaosahaulika glovu zinapogawiwa.

Daftari hilo lina uzito hata nje ya uvimbe wa ubongo. Mwaka 2012 Ufaransa iliutambua ugonjwa wa Parkinson kuwa ugonjwa wa kazini kwa wakulima waliotumia viuatilifu, kwa sharti la kuwa wamefanya kazi navyo miaka 10. Kwa kibarua anayehama shamba kila msimu, miaka hiyo haihesabiki ikiwa jina lake halimo katika daftari la yeyote.