Mwelekezi Hujifunza Kwanza Kunyamaza



Kumwelekeza mtu mzima ni kazi yenye mafunzo yake. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, Tanzania iliwaandaa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kiongozi hakufundishwa kuhutubia. Alifundishwa kuwakusanya wenzake penye redio, kuuliza maswali, na kumwacha kila mmoja aseme, hata kikundi chenyewe kiamue jambo la kutenda, kama kuchimba choo.

Katibu wa chama cha msingi anahitaji mafunzo ya namna hiyo. Mwanachama aletaye kahawa Kasulu, au tumbaku Kibondo, akiuliza kwa nini malipo yamepungua, ni rahisi kumjibu, "Makato." Mwelekezi humfungulia leja akamwuliza: "Uzito wako ulikuwa kilo ngapi? Bei je? Makato yapi yalipitishwa na mkutano mkuu?" Aliyekokotoa mwenyewe, msimu ujao hapunjiki.

Ugumu uko kwa katibu. Aliyezoea kujua peke yake huona kuulizwa ni kuvunjiwa heshima. Mafunzo humgeuza yeye kwanza: hujifunza kunyamaza, kukiri kosa la hesabu mbele ya watu, na kufurahi mwenzake amzidipo.

Chama ambacho hesabu zake zimo kichwani mwa mtu mmoja hutetereka siku aondokapo. Basi katika mkutano ujao, kila katibu na amkabidhi mwanachama kalamu, naye asikilize.