Kitabu na bunduki: kijana wa chuo kikuu anapotaka kuingia jeshi la akiba

Mazungumzo na familia zilizohama vita na viongozi wao, Beni

Wapendwa mama, wapendwa baba, viongozi wa kambi, machifu, viongozi wa dini, vijana wetu,

Tunashukuru komite ya waliohama kwa kutukaribisha, na tunashukuru familia za hapa Beni zilizowafungulia wengi wenu milango ya nyumba zao. Mmetuomba tuzungumze juu ya jambo linalogawanya nyumba nyingi siku hizi. Kijana anasoma chuo kikuu. Vita vimefukuza familia yake kijijini. Sasa anasema: "Nitaendelea kusoma, lakini pia nitaingia jeshi la akiba." Baba anakubali, mama anakataa, mchungaji ananyamaza, na kiongozi wa kambi anaombwa majina ya vijana.

Hatukuja kuwaambia kwamba kupenda nchi ni kosa. Katiba ya Jamhuri yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 63, inasema kwamba kulinda nchi ni haki na ni wajibu wa kila Mkongomani. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 190, inamkataza mtu yeyote kuunda kundi la kijeshi la kwake au kuwaweka vijana wenye silaha. Anayefanya hivyo anahesabiwa kuwa amefanya uhaini mkubwa. Vifungu hivi viwili visomwe pamoja. Anayekusomea kimoja na kukuficha cha pili, hakusomei Katiba.

Tunataka mbebe neno moja nyumbani. Jeshi la akiba la sheria na kundi lenye silaha vinaweza kuwa na jina moja na wimbo mmoja. Mtavitofautisha kwa mambo mawili: maandishi, na njia ya kurudi.

Nchi yetu imekwisha kuona wanafunzi wakivalishwa nguo za jeshi. Tarehe 4 Juni 1969 askari waliwapiga risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana Kinshasa. Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wenzao wa chuo kikuu cha Lovanium walipotaka kuwakumbuka wale waliokufa, Rais Mobutu aliamuru wanafunzi waandikishwe jeshini kwa nguvu. Mwaka huo huo Lovanium na vyuo vikuu vya Kisangani na Lubumbashi vikaunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa. Vijana wale hawakuingia jeshini kulinda mpaka wowote. Waliingizwa kama adhabu. Tangu hapo wazee wengi wanajua kwamba jeshi na darasa vikichanganywa, darasa ndilo linaloumia.

Mwaka 1996 ikaja zamu ya wadogo, wale tuliowaita kadogo. Wengi waliacha madawati hapa Mashariki wakaufuata uasi wa AFDL, ulioingia Kinshasa Mei 1997. Mwaka 1998 vita vikaanza tena, na vijana wengine wakaingia Mayi-Mayi kulinda vijiji vyao. Amani ilipotiwa sahihi, kazi ya kuwarudisha katika uraia ilianza mwaka 2004 kupitia CONADER. Mtu mzima aliyeweka silaha chini alipangiwa dola 110 za kutokea, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Hesabuni wenyewe: dola 410 kwa jumla. Hakuna aliyepangiwa kurudishiwa miaka ya shule.

Sasa tuje kwenye siku zetu. Novemba 2022, Rais Félix Tshisekedi aliwaita vijana waingie jeshini, na pia wajipange katika makundi ya ulinzi mahali wanapoishi. Vijana wengi, wanafunzi wakiwemo, walipanga mstari kujiandikisha Goma na Bukavu. Mwaka 2023 sheria ikaanzisha Akiba ya Jeshi la Ulinzi, inayoitwa kwa kifupi RAD, ya watu wanaojitolea kulisaidia jeshi la taifa. Wakati huo huo makundi mengi yenye silaha yakajiita Wazalendo. Baadhi yao yalikuwa yamepigana yenyewe kwa yenyewe kabla ya kupata jina hilo. Januari 2025 Goma ikachukuliwa na AFC/M23, na Februari ikafuata Bukavu. Hapa Beni mauaji ya ADF yamewaondoa watu mashambani tangu mwaka 2014. Kwa hiyo kijana anayetaka kushika silaha si mwendawazimu. Ameona mengi. Ndiyo sababu tunapaswa kumjibu kwa maneno yenye uzito, si kwa kumfokea.

Wengine mnatuambia: "Lakini ndugu zetu waliopelekwa Marekani, watoto wao wanasoma chuo kikuu na wako katika jeshi la akiba, na hakuna ubaya." Ni kweli, wako. Tuangalie basi wanavyofanya kule. Kijana anatia sahihi mkataba ulioandikwa muda wa utumishi, ambao kwa jumla ni miaka 8, akiba ikiwemo. Baada ya mafunzo ya mwanzo, kwa kawaida anafanya mazoezi mwisho wa juma mmoja kila mwezi, na wiki mbili kila mwaka. Analipwa kwa siku hizo, na anaweza kusaidiwa malipo ya chuo. Anaweza pia kuitwa vitani, na akiitwa hawezi kukataa. Silaha inabaki jeshini. Hailali chini ya kitanda chake. Hivyo ndivyo jeshi la akiba linavyokuwa. Anayekuja usiku na kusema "njoo, karatasi zitafuata", analeta kitu kingine.

Kwa hiyo, kabla ya familia kusema ndiyo, tunapendekeza maswali manne. Yaulizwe nyumbani, mbele ya kijana mwenyewe.

Swali la kwanza: ana miaka mingapi? Watoto wetu wengine wanapata diploma ya Serikali wakiwa na miaka 17 na kuingia chuo kikuu mwaka huo huo. Kuwa mwanafunzi wa chuo hakumfanyi mtu kuwa mkubwa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwingiza jeshini, au katika kundi lolote lenye silaha, mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Na mjue kwamba jambo hili linafika mbali. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la UPC la Ituri, miaka 14 gerezani kwa sababu ya watoto wa chini ya miaka 15 walioingizwa na kutumiwa vitani.

Swali la pili: mkataba uko wapi? Karatasi hiyo inasema yeye ni nani, yuko katika kikosi gani, kwa muda gani? Akivunjika mguu, nani anamlipia hospitali? Akifa, nani anakuja kumwambia mama yake, na mwili unaletwa na nani? Mama wengi hapa wanajua uchungu wa kungoja mtoto ambaye hakuna anayejua alipozikwa.

Swali la tatu: nani anampa amri, na mkubwa huyo anajibu mbele ya nani? Katika jeshi la taifa kuna mkaguzi na kuna mahakama ya kijeshi, hata kama mnazilalamikia. Katika kundi ambalo mkubwa wake hana mkubwa, kijana akiamriwa kupora mbuzi wa jirani atapora, na kesho jirani huyo atakuja kwenye mlango wenu.

Swali la nne: anatokaje? Akitaka kufanya mitihani mwezi wa saba, nani anampa ruhusa? Akichoka, anaweza kuaga mchana, watu wakiona? Kama jibu ni "huku hatuondoki", basi mwanenu haingii akiba. Anaacha masomo bila kuwaambia.

Mabinti pia waulizwe maswali haya. Wanaitwa kupika, kubeba mizigo, au kupeleka habari za nani amepita wapi. Wanaambiwa hiyo si vita. Upande wa pili ukiwakamata, hautauliza kama walishika bunduki au sufuria.

Kuna hatari nyingine ambayo haimgusi kijana peke yake. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 na nyongeza zake inamlinda raia, lakini raia anayeshiriki mapigano anapoteza ulinzi huo kwa muda wote anaoshiriki. Kijana anayelinda kizuizi usiku akiwa na bunduki, na asubuhi anakaa darasani, anawaletea wenzake shaka. Adui anaanza kusema: chuo kile ni cha wapiganaji. Kwa kambi ni vivyo hivyo. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za waliohama karibu na Goma, yakaua watu, wakiwemo watoto. Hakuna sababu inayoruhusu kupiga kambi ya raia. Hata hivyo mashirika ya misaada yalikuwa yakilalamika juu ya silaha zilizowekwa karibu na watu. Kwa hiyo tunaomba: silaha isilale kambini, hata usiku mmoja, hata kama ni ya mtoto wa nyumba.

Sasa tuseme na viongozi. Tunajua mnaombwa orodha ya vijana. Wengine wanaomba kwa upole, wengine kwa kutisha. Orodha mliyo nayo iliandikwa kwa ajili ya chakula, turubai na dawa. Watu waliwapa majina yao kwa imani. Ikitoka kwa kazi nyingine, hakuna mama atakayewapa tena jina la kweli la mtoto wake. Tunapendekeza jibu hili: "Mimi sina ruhusa ya kutoa mtoto wa mtu. Anayetaka kuandikishwa ataenda mwenyewe, mchana, kwenye ofisi ya jeshi la taifa, na vitambulisho vyake." Jibu hilo msilitoe mkiwa mtu mmoja. Muwe watatu au wanne: kiongozi, mama mmoja, mtu wa kanisa au wa msikiti, mzee mmoja. Wakiwatisha, msibishane hapo. Habari ipelekwe siku hiyo hiyo kwenye komite ya ulinzi wa raia.

Na wazazi, msimwite kijana mwoga kwa sababu amebaki darasani. Tumesikia maneno hayo kwenye mabomba ya maji: "Wenzako wanakufa, wewe unabeba daftari." Neno kama hilo limepeleka vijana wengi msituni kuliko hotuba za wakubwa. Muulizeni kwanza sababu yake. Akisema ni minervali, nendeni pamoja kwenye ofisi ya chuo kuomba kulipa kidogo kidogo. Shida ya pesa isitibiwe na bunduki. Akisema ni aibu ya kula chakula cha msaada, mtafutieni kazi ya mikono karibu na chuo. Akisema ni damu ya baba yake, mpeni mzee wa kukaa naye, si mara moja, mara nyingi. Na akisema, baada ya maswali yote manne, kwamba kweli anaitwa kuwa askari wa taifa, basi amalize mwaka wake, aombe fakulte kwa maandishi kusimamisha masomo, na aende kwa mlango wa mbele. Nakala za diploma na kadi yake zibaki kwa mtu wa familia au parokiani, ili siku ya kurudi asianze tena kutoka sifuri.

Mwisho, wako waliokwisha kwenda, na wengine wamerudi. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Aliyerudi msimfiche kama mwizi, na msimshangilie kama shujaa mbele ya wadogo zake. Mpelekeni kwa wanaoshughulika na kazi hiyo; programu ya Serikali ya kuwarudisha waliokuwa na silaha, P-DDRCS, iliundwa mwaka 2021. Aliye chini ya miaka 18 apelekwe kwa mashirika ya ulinzi wa mtoto. Kisha mumrudishe darasani, hata kama atakaa na waliokuwa nyuma yake miaka mitatu.

Nchi hii itahitaji askari wazuri. Siku vita vitakapoisha itahitaji pia waganga, wahandisi, walimu na mahakimu, na hao hawapatikani kwa kupanga mstari siku moja. Mwenye kubaki shuleni katika mwaka kama huu naye amesimama kwenye zamu yake.

Tunangoja maswali yenu. Amani ikae nyumbani mwenu, popote mlipo leo.