Bima ya Safari: Tuisome Kabla ya Kuondoka

Mgeni kutoka ng'ambo anayekuja kuona miradi yetu ya Kilwa na Lindi ni amana tuliyokabidhiwa. Kwa hiyo tusitosheke kumwuliza kama ana bima; tumwombe aisome vizuri kabla hajaondoka kwao. Je, inahusu safari ya mashua kwenda Kilwa Kisiwani? Je, inalipia kumsafirisha mgonjwa hadi Dar es Salaam, kilomita zipatazo 300?

Mei 2024, mafuriko ya Kimbunga Hidaya yaliikata barabara hiyo eneo la Somanga. Siku kama hizo mgonjwa mahututi huhitaji ndege, na gharama isiyolipwa na bima humwangukia yeye pamoja nasi wenyeji wake.

Tuulize mapema, tupate jibu kwa maandishi. Mungu atutangulie.